Majina katika Magogo: Miti ya Ukumbusho ya Legerwood na Deni Letu kwa Wapagazi

Utangulizi

Katika madarasa yetu ya itikadi tunafundisha kwamba historia ni kazi ya umma. Tunasema kwamba reli, mabandari na mashamba makubwa yalijengwa kwa jasho la wafanyakazi na wakulima, na kwamba hata vita vya mabeberu vilipiganwa kwa damu ya watu ambao hawakuwa na faida yoyote katika vita hivyo. Mafundisho hayo ni ya kweli. Lakini kada akitoka darasani na kutembea katika mji mkuu wowote wa dunia, atakuta sanamu zinazosema kinyume chake. Juu ya farasi wa shaba amekaa jenerali. Juu ya nguzo ya mawe amesimama gavana. Mchukuzi wa mizigo, mpasua mbao na mpishi wa kambini hawaonekani.

Tabaka linalotawala halitawali kwa bunduki na sheria peke yake. Linatawala pia kwa kuamua nani akumbukwe, akumbukwe wapi, na kwa sura gani. Kwa hiyo suala la kumbukumbu za vita ni suala la siasa, na makada wa Chama pamoja na wanafunzi hawana budi kulichambua kwa makini kama wanavyochambua suala la ardhi au la viwanda.

Katika makala hii tunauchambua mfano mmoja ulio mbali na kwetu. Huko Australia, katika kisiwa cha Tasmania, kuna kijiji kidogo kiitwacho Legerwood ambako watu wamewachonga wafu wao wa Vita Kuu ya Kwanza katika miti iliyosimama bado juu ya mizizi yake. Tumeuchagua mfano huo kwa sababu mbili. Kwanza, unaonyesha jinsi watu wa kawaida wanavyoweza kuitwaa kumbukumbu kutoka mikononi mwa dola na kuifanya yao. Pili, vita iliyowaua vijana wa Legerwood ndiyo vita ileile iliyowaua wapagazi wa Tanganyika. Vijana wa Legerwood walipandiwa miti, kila mmoja kwa jina lake. Wapagazi wetu walipata nini? Hilo ndilo swali la makala hii.

Vita ile ilikuwa ya nani?

Vita ya mwaka 1914 hadi 1918 ilikuwa vita ya kugawana dunia upya. Mataifa ya kibeberu ya Ulaya yalikuwa yamekwisha kuigawa Afrika na sehemu kubwa ya Asia, na yale yaliyochelewa yalitaka sehemu yao. Uingereza ilipotangaza vita Agosti 1914, makoloni yake na nchi zilizokuwa chini ya taji lake ziliingia vitani bila kuulizwa. Australia ilikuwa mojawapo.

Wakati huo Australia ilikuwa na watu wasiofika milioni tano. Katika miaka minne waliandikishwa jeshini watu zaidi ya 400,000, na zaidi ya 60,000 walikufa. Tarehe 25 Aprili 1915 majeshi ya Australia na New Zealand yaliteremshwa katika fukwe za Gallipoli, nchini Uturuki, kwa mpango uliotungwa London. Ilipofika mwisho wa mwaka majeshi hayo yalikuwa yanaondolewa bila ya ushindi wowote, na Waaustralia zaidi ya 8,000 walikuwa wamekufa. Wengine wengi zaidi waliuawa baadaye katika mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji.

Tusije tukadhani kwamba wafanyakazi wa nchi ile waliikubali vita hiyo bila ya swali. Serikali ilipotaka kuwapeleka watu ng'ambo kwa lazima, wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni tarehe 28 Oktoba 1916, wakakataa. Waliulizwa tena tarehe 20 Desemba 1917, wakakataa tena. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa mstari wa mbele katika kampeni ya kukataa. Ukweli unatutaka tuseme pia kwamba wapiga kura wa Tasmania, kwa wingi wao, walikubali mara zote mbili. Matabaka hayaoni mambo kwa mwanga uleule kila mahali na kila wakati, na mchambuzi anayeficha jambo lisilompendeza haandiki historia.

Miti ilipandwaje

Maiti za askari hao hazikurudishwa nyumbani. Uingereza na nchi zilizokuwa chini yake zilifuata sera ya kuwazika askari karibu na mahali walipofia. Kwa mama wa Tasmania, ambaye hangeweza kumudu nauli ya meli ya kwenda Ulaya, maana yake ilikuwa kwamba hataliona kaburi la mwanawe maisha yake yote. Hapo ndipo ilipotokea desturi ya kupanda njia za miti ya heshima: mti mmoja kwa kila askari, na jina lake chini ya mti.

Mfano mkubwa kuliko yote uko Ballarat, katika jimbo la Victoria. Kati ya mwaka 1917 na 1919 ilipandwa huko miti 3,801 katika njia yenye urefu wa kilomita zipatazo 22. Walioanzisha kazi hiyo walikuwa wanawake wafanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Lucas. Baada ya kazi ya cherehani walikusanya fedha na kushiriki katika kupanda. Na zingatieni mpango wao: miti ilipangwa kwa kufuata tarehe ambayo mtu aliandikishwa jeshini, bila kujali cheo. Kanali hakupewa mti mkubwa kuliko wa mpishi. Wanawake wa kiwandani, ambao hawakusoma nadharia yoyote ya kumbukumbu, walifuta vyeo vya jeshi la kibeberu kwa jembe na miche.

Legerwood ilifanya vivyo hivyo kwa kipimo chake. Tarehe 15 Oktoba 1918 wanakijiji walikusanyika na kupanda miti tisa. Saba ilikuwa ya vijana wa hapo waliokufa vitani. Mmoja ulikuwa wa kukumbuka Gallipoli, na mmoja wa kulikumbuka jeshi zima la Australia na New Zealand. Kila jina lilipoitwa, ndugu wa marehemu alitoka mbele na kuushika mti wakati unapandwa. Vita ilikuwa haijakwisha, kwa kuwa silaha ziliwekwa chini huko Ulaya tarehe 11 Novemba.

Hapakuwa na jenerali miongoni mwa wale saba. John McDougall alikuwa mchukuzi wa mizigo katika stesheni ya reli. William Hyde alikuwa mfanyakazi katika kiwanda cha kupasulia mbao. Ndio watu ambao ubepari huwaita nguvukazi wakati wa amani, na huwaita mashujaa pale tu unapohitaji vifo vyao.

Kutoka mti hadi sanamu

Miti hiyo ilikua kwa zaidi ya miaka 80. Mwaka 2001 taarifa ya ukaguzi ilieleza kwamba haikuwa salama tena, kwani matawi na mashina yangeweza kuanguka na kuwaumiza watu. Kwa hesabu ya kawaida ya urasimu shauri lilikuwa limekwisha: mti mbovu hukatwa, kisiki hung'olewa, na pengine kibao cha chuma huwekwa mahali pake. Wanakijiji hawakukubali. Kamati yao ya kutunza ukumbi na viwanja vya kijiji ilitafuta njia nyingine, na kuanzia mwaka 2004 mchongaji Eddie Freeman, kutoka mji wa Ross katika kisiwa hichohicho, aliichonga miti hiyo palepale iliposimama.

Matawi yalikatwa, mashina yakaachwa, na katika kila shina akachongwa mtu aliyepandiwa mti ule, pamoja na mambo ya maisha yake. Huyu anaonekana katika kazi yake ya reli, yule katika kazi ya mbao, na wengine wakiwa askari. Mpita njia leo anawaona wakiwa na vyombo vyao vya kazi, na anaelewa kwamba aliyekufa Ufaransa alikuwa kwanza mfanyakazi wa Legerwood. Katika mji wa pwani wa Lakes Entrance, jimboni Victoria, mchongaji John Brady naye alikuwa amefanya kazi ya namna hiyo katika mashina ya miti ya ukumbusho iliyokuwa imeharibika.

Ni vizuri makada waielewe kazi yenyewe, kwa sababu katika ufundi wake mna somo. Mti unaishi kwa utando mwembamba ulio chini ya gome. Mchongaji akiukata utando huo kulizunguka shina lote, mti hufa. Kwa hiyo sanamu ya namna hii kwa kawaida ni mti uliokwisha kufa au unaokufa, ingawa bado mizizi yake imeushika udongo. Mchongaji hutumia msumeno wa injini kwa kazi kubwa ya kutoa umbo, kisha patasi na vifaa vidogo kwa sura na mikono. Hawezi kulilaza gogo wala kuligeuza, bali hupanda jukwaa na kulizunguka. Hawezi pia kuchagua ubao usio na dosari. Fundo, mpasuko na uozo huvikuta mahali pake, na umbo analotaka hana budi kulipatanisha na shina alilolikuta.

Kazi ikiisha, uharibifu huanza. Sehemu ya nje ya mti huoza upesi kuliko kiini. Maji ya mvua huingia kwa juu, mahali shina lilipokatwa, na unyevu wa ardhini hupanda kwa chini. Kuvu hufuata unyevu. Jua hukausha upande mmoja na kuleta nyufa. Ndiyo maana sanamu hizo zinahitaji kusafishwa, kupakwa mafuta au dawa ya mbao na kuzibwa nyufa, mwaka baada ya mwaka. Bila ya watu wa kuzitunza haziwezi kudumu.

Wapo watakaosema kwamba huo ni udhaifu, na kwamba shaba ni bora. Sisi hatukubaliani nao. Sanamu ya shaba inaweza kusimama miaka mia mbili katika mji ambao umekwisha kumsahau aliyechongwa, na kusimama kwake hakuonyeshi chochote juu ya fikra za watu. Sanamu ya mti ikiwa bado nzima baada ya miaka ishirini ni ushahidi kwamba kuna mkono uliokuwa ukiitunza. Tena, sanamu iliyo juu ya mizizi yake haiuziki. Ndugu zetu wachongaji wa Kimakonde wanaijua vizuri tofauti hiyo. Kinyago cha mpingo, hata kikiwa na maana kubwa kiasi gani kwa aliyekichonga, huingia sokoni, hupimwa kwa fedha, na huenda kukaa katika sebule ya mtu asiyejua maana yake. Gogo la Legerwood lina thamani ya matumizi peke yake, na matumizi yake ni kukumbuka, mahali pale pale ambapo ndugu wa marehemu aliushika mche.

Yaliyofichwa na kumbukumbu hiyo

Mchambuzi wa kimapinduzi haishii kwenye kusifu. Lazima aulize pia: kumbukumbu hii inaficha nini?

Ardhi ya Tasmania haikuwa tupu Waingereza walipofika. Katika miaka ya 1820 walowezi waliendesha vita dhidi ya wenyeji wa asili wa kisiwa hicho ili kupata malisho ya kondoo. Mwaka 1828 gavana alitangaza sheria ya kijeshi. Mwaka 1830 watu wapatao 2,200, askari, walowezi na wafungwa, walipangwa katika mstari uliovuka nchi kuwasukuma wenyeji kama wanyama wa kuwindwa. Mabaki ya wenyeji walihamishiwa kisiwa cha Flinders, kilicho mbele ya pwani ya kaskazini-mashariki ya Tasmania, upande uleule wa nchi iliko Legerwood, na wengi wao wakafia huko. Vita hiyo, iliyopiganwa katika ardhi ya Australia yenyewe, haikupandiwa njia za miti.

Lipo jambo jingine. Kuchonga mti uliosimama kuwa alama ya kaburi hakukuletwa Australia na walowezi. Kwa Wawiradjuri na Wakamilaroi wa New South Wales ilikuwa desturi ya tangu zamani kuchonga alama katika mashina ya miti iliyozunguka kaburi la mtu mwenye heshima, au iliyo mahali pa jando. Karibu na mji wa Molong lipo kaburi la Yuranigh, Mwiradjuri aliyemwongoza mpimaji ardhi Thomas Mitchell katika safari zake, akafa karibu mwaka 1850. Hapo jiwe la Kizungu liko pamoja na miti iliyochongwa kwa desturi ya watu wake. Lakini miti mingi ya namna hiyo ilikatwa na kupelekwa katika majumba ya makumbusho. Walowezi waling'oa kumbukumbu za wenyeji, kisha vizazi vyao vikachonga zao katika miti.

Tena, wenyeji wa asili wapatao 1,000 au zaidi waliingia katika jeshi la Australia katika vita ile, ingawa sheria iliwazuia watu wasio na asili ya Kizungu ya kutosha. Waliporudi walikuta ubaguzi uleule waliouacha.

Hatusemi hayo ili kuwahukumu wazazi waliowapandia wana wao miti. Mchukuzi wa stesheni hakuwa gavana. Tunasema ili kuonyesha kanuni: kumbukumbu inaweza kuwa ya haki kwa tabaka na ikawa bado kimya juu ya taifa lililonyang'anywa. Mwenye macho hana budi kuyaona yote mawili.

Oktoba 1918 katika Tanganyika

Sasa turudi nyumbani. Mwezi uleule wa Oktoba 1918, watu wa Legerwood walipokuwa wakipanda miti yao, vita ilikuwa ikiendelea katika ardhi yetu. Jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa limevuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji mwishoni mwa Septemba, na sasa lilikuwa likipita Songea kuelekea Njombe, Waingereza wakilifuata. Jeshi hilo lilisalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya.

Majeshi hayo yote mawili yalitembea kwa miguu ya wapagazi. Reli hazikufika kwenye mapigano, na wanyama wa kubeba mizigo walikufa kwa ndorobo. Kwa hiyo risasi, unga, mahema, na hata vipande vya mizinga vilipanda juu ya vichwa na mabega ya watu. Waingereza peke yao waliwatumia wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja katika kampeni yote ya Afrika Mashariki. Waliokufa kwa hesabu zao wenyewe wanakaribia 95,000, na hesabu hizo hazikuwa kamili. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, kichomi, baridi ya milimani na njaa. Upande wa Wajerumani watu walikamatwa vijijini kwa nguvu, vyakula vikachukuliwa na mashamba yakaachwa bila wakulima. Njaa ikaingia, na baada yake homa ya mafua ya mwaka 1918.

Vita hiyo ilikuja miaka saba tu baada ya kuzimwa kwa Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, ambavyo kwa makadirio ya baadhi ya wanahistoria vilichukua roho zinazofika 300,000, nyingi zikiwa za njaa iliyotokana na kuchomwa kwa vijiji na vyakula. Mtu wa Songea aliyekuwa mtoto wakati viongozi wa Wangoni waliponyongwa tarehe 27 Februari 1906 alikuwa kijana mwenye mabega ya kubeba mzigo ilipofika 1917.

Je, hao walikumbukwaje? Vita ilipokwisha, tume ya kibeberu ya makaburi ya vita ilikuwa na kanuni moja tukufu: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila kujali cheo. Kanuni hiyo ndiyo iliyotumika kwa vijana wa Legerwood. Katika Afrika Mashariki haikutumika kwa Waafrika. Wakuu wa ukoloni waliamua kwamba kwa wenyeji makaburi na majina hayakuwa ya lazima, na kwamba sanamu chache zingetosha kuwakilisha wote. Makaburi mengi ya wapagazi yaliachwa porini, na orodha hazikutunzwa ipasavyo.

Ndiyo asili ya Sanamu ya Askari iliyoko katikati ya Dar es Salaam. Ilichongwa na Mwingereza James Alexander Stevenson, ikazinduliwa mwaka 1927, na wenzake wako Nairobi na Mombasa. Nairobi mpagazi amesimama pamoja na wenye bunduki. Dar es Salaam aliyesimama juu ya nguzo ni askari mwenye bunduki na singe. Sanamu hiyo haina jina hata moja la mtu. Mahali penye kumbukumbu kubwa zaidi ya wapagazi katika mji huo ni sokoni: Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichokuwa na kambi hapo. Umma ulihifadhi kwa ulimi wake jambo ambalo dola la kikoloni halikutaka kulihifadhi kwa kalamu.

Kabla ya Waingereza, Wajerumani walikuwa wamesimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyeyazima mapambano ya Abushiri. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa, na hatimaye ikasimamishwa Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1968. Sanamu za watawala hupanda na kushuka pamoja na watawala.

Mwezi Aprili 2021 tume iliyorithi kazi ya ile tume ya makaburi ilitoa taarifa ya uchunguzi wake yenyewe. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hasa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, waliotumikia dola ya Uingereza katika vita ile hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Iliomba radhi. Ilichukua miaka zaidi ya mia moja kwa jambo hilo, linalojulikana na kila bibi wa Kariakoo, kuandikwa London.

Hoja mbili za kujibiwa

Baadhi ya ndugu watasema: kwa nini Chama kishughulike na wapagazi, ambao walimtumikia mkoloni, wakati tunao mashujaa wa Majimaji, wa ukombozi wa kusini mwa Afrika na wa vita vya Kagera? Hoja hiyo inachanganya mambo mawili. Shujaa ni mtu aliyechagua kupambana na adui wa watu wake. Huyo tunampa heshima ya shujaa, na ndivyo tunavyofanya Songea, Naliendele na Kaboya. Mpagazi kwa kawaida hakuchagua. Alikamatwa, au alifukuzwa kijijini kwake na kodi na njaa. Alikuwa mfanyakazi aliyelazimishwa, na alikufa akizalisha ushindi wa mtu mwingine. Tukimwita shujaa tutakuwa tumesema uwongo. Tukimsahau, tutakuwa tumekubaliana na hesabu ya mkoloni kwamba hakuwa mtu. Lililo sahihi ni kumwandika kama alivyokuwa, kwa jina lake, kijiji chake na mzigo aliobeba.

Wengine watasema: na askari je? Miongoni mwa askari wa Wajerumani walikuwamo waliochoma vijiji wakati wa Majimaji. Ni kweli, na historia yetu lazima iliseme hilo waziwazi. Ukoloni ulitawala Waafrika kwa mikono ya Waafrika, na usipochambua namna ulivyowapata huwezi kuelewa namna ukoloni mamboleo unavyowapata wengine leo. Kumbukumbu inayostahili jina hilo haiwapaki watu wote rangi moja.

Wajibu wetu

Baadhi ya mashahidi wetu ni miti. Huko Kilwa Kivinje jina la Mwembe Kinyonga linaueleza mwembe ambao Wajerumani waliwanyongea wapinzani wao, akiwamo Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Mti kama huo ni hati ya historia sawa na karatasi iliyo katika nyumba ya kumbukumbu, na ukianguka kabla habari zake hazijaandikwa, hati imeungua.

Hatupendekezi kwamba kila wilaya imtafute mchongaji mwenye msumeno wa injini. Kuiga umbo bila ya kuelewa maudhui ni ugonjwa wa wasomi. Tunapendekeza mambo matatu ambayo yako ndani ya uwezo wetu wenyewe.

Kwanza, majina yakusanywe. Wapagazi wa mwisho wamekwisha kufa, lakini wajukuu wao wapo, na wengi bado wanajua babu yao alichukuliwa kutoka wapi na kama alirudi. Mfano wa kazi hii tunao. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuandika maneno ya wazee walioviona Vita vya Majimaji, na bila ya kazi ile tungekuwa leo tunategemea taarifa za maofisa wa Kijerumani peke yao. Vijana wa shule na vyuo, kwa kushirikiana na matawi ya Chama, wanaweza kufanya hivyo kwa wapagazi. Inatosha daftari moja kwa kila kijiji kuanzia.

Pili, majina yawekwe mahali watu wanapopita: shuleni, zahanati, sokoni. Shule inayopanda miti kila mwaka inaweza kuupa kila mti jina la mtu wa kijiji kile aliyechukuliwa asirudi, na kumkabidhi mwanafunzi aumwagilie maji. Mtoto aliyeutunza mti wa mpagazi kwa miaka saba ya masomo hatauliza ubeberu ni nini.

Tatu, kazi hiyo iwe ya watu wenyewe. Miti ya Legerwood haikuokolewa na waziri. Iliokolewa na kamati ya kijiji iliyokataa kuambiwa kwamba mambo yamekwisha. Kumbukumbu inayojengwa kwa amri kutoka juu hungojea amri nyingine ipakwe rangi. Ile inayojengwa na wananchi hupata mtunzaji kila kizazi.

Hitimisho

Mfanyakazi wa reli wa Tasmania na mpagazi wa Tanganyika walikuwa wachukuzi wa mizigo wote wawili. Walikufa katika vita moja, kwa faida ya mabwana walewale. Mmoja alikufa akiwa na jina, na jina hilo likapandwa, likakua kwa miaka 80, kisha likachongwa lisije likapotea. Mwenzake alikufa akiwa namba katika hesabu isiyokamilika. Tofauti hiyo haikuletwa na ushujaa wa mmoja wala uvivu wa ndugu za mwingine. Ililetwa na ubaguzi wa rangi ambao dola ya kibeberu iliufanya kuwa utaratibu wa ofisi.

Utaratibu huo wa ofisi ulikufa pamoja na ukoloni, lakini matokeo yake yatabaki mpaka tuyaondoe kwa kazi. Tume ya London imeomba radhi, na hilo ni jambo lake. Majina hayako London. Yako Masasi, Mahenge, Njombe, Iringa, Morogoro na Mwanza, katika vinywa vya wazee ambao kila mwaka wanapungua. Kila tawi lianze na daftari lake sasa.